Ahirisha kukagua kwa dakika 10
Mbinu hii nilifundishwa na mshauri, nami naona ingefaa ijulikane zaidi. Kijana anayefungua begi mara ya tano kuhakikisha kwamba daftari limo, au anayefuta na kuandika upya sentensi ileile hadi karatasi itoboke kwa kuogopa alama zitakazowaudhi wazazi, asijikataze tendo hilo kabisa, bali aliahirishe kwa dakika 10, akiitazama saa na kuishughulisha mikono kwa jambo jingine. Wasiwasi hupanda, hufika kilele, kisha hushuka wenyewe hata usipotiiwa. Kila unaposhuka hivyo, akili huzoea kwamba unavumilika, ilhali kila ukaguzi huifundisha kinyume. Dakika 10 zikizoeleka, ziwe 15, kisha 20. Mbinu hushindwa pale anapohesabu kimoyomoyo vilivyomo begini au kumwuliza mama, "Limo kweli?", kwa kuwa huko nako ni kukagua, ila kwa mlango wa nyuma. Mazoea hayo ya kukagua yakila zaidi ya saa 1 kwa siku, au kijana akiwaza kujidhuru, aonwe na mtaalamu wa afya ya akili bila kusubiri.