Msumeno wa mnyororo kwa miti migumu: lipime gogo kwanza

Msumeno wangu wa kwanza niliuchagua kwa macho. Ulikuwa na baa (lile bapa la chuma ambalo cheni huzungukia) ya inchi 24, rangi inang'aa, na muuzaji alinihakikishia kwamba hakuna mti utakaonishinda. Injini yake ilikuwa ya cc 52, yaani ujazo wa silinda. Kwenye miti laini ulikwenda vizuri, nami nikajiona fundi. Kisha nikaupeleka kwenye gogo kavu la mkaratusi lenye kipenyo cha nusu mita. Baa ilipozama yote, cheni ikasimama huku injini ikiendelea kunguruma. Nikazidi kupiga resi. Kilichotoka ni moshi wa klachi. Mjomba wangu, aliyekuwa ameketi kando akinoa cheni yake, hakucheka. Alisema tu: "Umenunua upanga wa jitu, ukampa mtoto aushike."

Leo nakata kidogo na kutengeneza zaidi, na kosa lile lile linaletwa mezani kwangu kila mara. Watu huchagua urefu wa baa, halafu injini wanaipokea ilivyo. Anza na gogo. Gogo likuambie baa, baa ikuambie injini, kisha chagua cheni. Chapa ya mashine ije mwisho.

Gogo

Chukua utepe upime magogo unayoyakata mara kwa mara, si lile moja kubwa unalokutana nalo mara moja kwa mwaka. Kwangu mti wa kati ni wa sentimita 30 hadi 50, na mkubwa ni kuanzia 50 hadi 90 hivi. Baa inatakiwa ipite upana wa gogo kwa sentimita 5 hivi ukitaka kukata kwa mpigo mmoja. Ila hulazimiki. Anayejua kuzunguka gogo, akaanza upande huu na kumalizia upande wa pili, hukata mti wenye upana unaokaribia mara mbili ya baa yake. Baa ya inchi 20, ambayo ni kama sentimita 50, inamtosha kwa gogo la sentimita 80.

Halafu uangalie ugumu wenyewe, maana uko wa aina mbili na watu huuchanganya. Upo ugumu unaochosha injini: mti mzito, ulioshikana, kama mpingo ambao mita moja ya ujazo hupita kilo 1,000 na kipande chake huzama majini. Na upo ugumu unaokula meno. Mvule si mti mzito sana, lakini ndani yake hujitengenezea mawe ya chokaa. Jino likigonga jiwe hilo, kazi ya asubuhi nzima ya tupa imekwisha. Mtiki nao una chembechembe za silika, ile ile iliyomo kwenye mchanga. Ugumu wa kwanza unadai injini kubwa. Wa pili haujali injini yako, unadai cheni sahihi na mkono wa kunoa. Ukinunua cc 90 kwa sababu mtiki unakulia meno, utakuwa umetibu mguu wakati kinachouma ni jino.

Ongeza na ukavu. Gogo lililokaa chini mwaka mzima ni mti mwingine kabisa ukilinganisha na lilivyokuwa siku ya kuangushwa, na maganda yake huwa yamejaa udongo.

Injini na baa yake

Kinacholemea injini ni urefu wa cheni iliyo ndani ya mti. Kwenye cheni ya kawaida ya pichi (ukubwa wa cheni, kwa inchi) ya 3/8, jino la kukata hufuatwa na lingine baada ya milimita 38. Kwa hiyo gogo la sentimita 25 linashikwa na meno sita au saba kwa wakati mmoja, na gogo la sentimita 50 linashikwa na kumi na matatu. Injini ile ile, mzigo mara mbili. Hapo ndipo ile cc 52 yangu ilipofia.

Kwa mti mgumu mimi huenda hivi. Injini ya cc 50 hadi 60 naipa baa ya inchi 16 au 18. Ya cc 60 hadi 70 naipa inchi 18 hadi 20. Ya cc 70 hadi 80 inavuta inchi 20 hadi 25 bila kulalamika, na 28 kwa shida. Kuanzia cc 90 ndipo unaanza kuzungumzia inchi 30 na kuendelea. Utakuta kwenye boksi wameandika urefu mkubwa zaidi ya huu. Urefu huo unafunga, hilo ni kweli, lakini kufunga na kukata mti mgumu kutwa nzima ni mambo mawili.

Mtu akiniuliza anunue nini kwa miti ya sentimita 40 hadi 70, na hataki maelezo, namjibu: cc 70 na kitu, baa ya inchi 20. Akikutana na jitu, anayo baa ya 25 pembeni ya kubadilisha.

Usitazame cc peke yake, tazama na kilowati na uzito. Stihl MS 462 ina cc 72.2, inatoa kilowati 4.4, na uzito wake ni kilo 6 bila baa. Husqvarna 572 XP ina cc 70.6, kilowati 4.3, kilo 6.6. Ukipanda hadi Stihl MS 661 unapata cc 91.1 na kilowati 5.4, lakini sasa unabeba kilo 7.4. Hizo ni kavu: ukishafunga baa ya inchi 25 na cheni, ukajaza petroli na oili, hiyo ya kilo 6 inapita kilo 8. Umri wa mgongo wako nao ni kipimo.

Jihadhari na namba zilizobandikwa ubavuni mwa mashine zisizo na jina. Namba ya modeli si cc. Dai kipenyo cha silinda na urefu wa mwendo wa pistoni, kisha ukokotoe mwenyewe kwa sentimita: kipenyo mara kipenyo, mara mwendo, mara 0.785. Silinda ya milimita 50 yenye mwendo wa milimita 36 inakupa 5 × 5 × 3.6 × 0.785, yaani cc 70.65. Muuzaji asiyeweza kukupa vipimo hivyo viwili hajui anachouza, au anajua sana.

Jambo jingine ni mwili wa mashine. Misumeno ya kazi za nyumbani injini yake hukaa ndani ya ganda la plastiki. Ya kazi nzito ina kasha la magnesiamu, chujio kubwa la hewa, na spea zinazofunguka moja moja. Kwa mti mgumu wa kila siku, plastiki haitakufikisha mbali, joto linaimaliza.

Na ya betri? Kwa matawi na magogo ya sentimita 30 inafaa sana, nami ninayo moja. Kwa gogo gumu la nusu mita, utatumia muda mwingi kubadilisha betri kuliko kukata.

Cheni, ambako wengi hupita mbio

Hapa nitakaa, maana msumeno wa cc 60 wenye cheni kali utauacha nyuma ule wa cc 80 wenye cheni butu.

Pichi ni ukubwa wa cheni: pima kutoka katikati ya ribiti ya kwanza hadi ya tatu, gawanya kwa mbili. Misumeno ya cc 50 huja mara nyingi na .325, ya cc 60 hadi 90 huja na 3/8, na mikubwa kabisa hutumia .404. Geji ni unene wa jino la chini linaloingia kwenye mfereji wa baa: milimita 1.3, 1.5 au 1.6. Pichi ya cheni, ya sproketi (gurudumu la meno linalozungusha cheni) na ya ncha ya baa lazima ziwe moja. Geji ya cheni na ya mfereji vilevile. Cheni ya 1.3 kwenye mfereji wa 1.6 itaingia vizuri, utafurahi, kisha itaanza kulala upande na kukata kwa mshazari. Halafu hesabu meno ya chini. Baa ya inchi 20 yenye pichi ya 3/8 mara nyingi huchukua 72, lakini hesabu ya cheni yako ya zamani ndiyo ya kuamini.

Umbo la jino lina maana kubwa zaidi. Lipo jino lenye kona kali ya mraba. Hilo hukata haraka kuliko yote katika mti mbichi na safi, na huchoka haraka kuliko yote likigusa udongo. Lipo lenye kona iliyoviringwa kidogo. Linakwenda taratibu zaidi, lakini makali yake hudumu. Kwa gogo kavu, lenye udongo kwenye maganda, au la mvule na mtiki, chukua la kona ya mviringo bila kufikiri mara mbili. Nilibisha jambo hili miaka mitatu kwa sababu nilipenda kasi, hadi siku nilipojihesabia muda na kuona kwamba nusu ya saa nilikuwa nimeshika tupa.

Kwa baa ndefu sana ipo cheni iliyopunguzwa meno, ambayo huacha nafasi ya vumbi kutoka na kuipunguzia injini mzigo. Na kama kazi yako ni kupasua mbao kwa urefu wa gogo, hiyo ni cheni nyingine: meno yake hunolewa kwa pembe ya digrii 10 hivi badala ya 30 ya kukatia mkingamo.

Nunua tupa pamoja na msumeno. Ya mviringo, milimita 4.8 kwa .325, milimita 5.2 au 5.5 kwa 3/8, na 5.5 kwa .404. Kile kinundu kilicho mbele ya jino, kinachoamua jino lizame kiasi gani, kiache chini ya ncha ya jino kwa milimita 0.65 hivi. Kuna wanaokichonga zaidi wakitaka jino lile sana. Kwenye mti mgumu halili, linanasa, na mikono yako ndiyo inayopokea mshtuko. Dalili ya cheni butu usiitafute kwenye cheni: tazama kinachoanguka chini. Vipande ni salama. Unga mwembamba maana yake simama unoe.

Oili, na usalama usiokubali mjadala

Baa ndefu ndani ya mti mgumu hupata moto, kwa hiyo tafuta msumeno wenye pampu ya oili inayorekebishika. Dukani omba uwashwe, ncha ya baa ielekezwe karibu na karatasi nyeupe, upigwe resi. Mstari wa oili uonekane kwenye karatasi. Usitie oili chafu iliyotoka kwenye gari. Ina vumbi la chuma linalosaga baa, na itaruka hadi usoni na kwenye ngozi yako. Petroli changanya na oili yake ya tu-stroki, si hii ya baa, kwa kipimo cha kitabu cha mashine. Uwiano wa 50 kwa 1 ni mililita 20 za oili kwa kila lita, na anayekisia kwa jicho huishia kuniletea injini iliyonoki.

Robo ya juu ya ncha ya baa ikigusa mti, msumeno hukurudia usoni kabla hujajua kilichotokea. Kwa hiyo breki ya cheni lazima ifanye kazi: cheni ikizunguka, sukuma kinga ya mbele kwa kifundo cha mkono, nayo isimame papo hapo. Angalia pia kishikio cha kudaka cheni ikikatika, kufuli ya kifyatulio cha mafuta, na springi au mpira wa kuzuia mtetemo. Kwenye cc 70 na kuendelea, kitufe cha kupunguza mgandamizo wakati wa kuvuta kamba ni afya ya bega. Na bajeti ya msumeno ihesabu suruali ya kinga, kofia yenye wavu, vizuia kelele na buti. Suruali za daraja la 1 hupimwa kwa cheni inayokwenda mita 20 kwa sekunde. Misumeno mingi mikubwa hufikia kasi hiyo na kuipita, kwa hiyo suruali inakupunguzia jeraha, haikupi ruhusa ya kuzembea.

Ukinunua uliotumika

Fika injini ikiwa baridi. Muuzaji akiwa ameshaiwasha kabla hujafika, subiri ipoe. Anaweza kuwa anaficha ugumu wa kuwaka. Swichi ikiwa imezimwa, ushike msumeno kwa mpini wa kamba na uuache uning'inie. Ukishuka polepole kwa hatua, mgandamizo bado upo. Ukianguka moja kwa moja, ringi au silinda imechoka. Kama una dakika kumi, fungua ekzosi utazame pistoni kupitia tundu lake. Iwe laini. Mikwaruzo ya wima ina maana huenda iliwahi kukatia petroli isiyo na oili, na bei yoyote utakayotajiwa ni ghali.

Tazama sproketi: mashimo yaliyolika yanakula na cheni mpya. Tazama kingo za baa kama zimetanuka. Fungua chujio la hewa. Unga ukiwa umepita hadi upande wa ndani, kabureta na silinda vimeumeza pia.

Mwisho, jaza matangi yote mawili, ushike kama unavyokata, baa ikiwa mlalo usawa wa kiuno, ukae hivyo dakika mbili. Mikono ikianza kutetemeka, shuka daraja moja la cc na ufupishe baa.