Kabla hujafunga gunia: akiba ya chakula yenye lishe ndani yake

Kaya nyingi za Dodoma na Singida huvuna mara moja tu kwa mwaka, kuanzia Mei hadi Julai, na chakula hicho kinatakiwa kifike Machi au Aprili. Hesabu inayofanywa mara nyingi ni ya magunia ya mahindi au mtama basi. Kunde, karanga na alizeti huuzwa mapema, bei ikiwa chini, ili kupata ada na sabuni. Ugali unakuwepo hadi Machi, na mtoto anadumaa huku ghala lina mahindi.

Kwa hiyo pigia hesabu mlo mzima. Mgao wa kawaida wa chakula cha msaada kwa mtu mmoja kwa siku ni gramu 400 za nafaka, 60 za mikunde, 25 za mafuta na 5 za chumvi. Kaya ya watu 6 kwa siku 300 inahitaji kilo 720 za nafaka, kilo 108 za kunde, maharage au mbaazi, mafuta karibu lita 5 kwa mwezi, na kilo 9 za chumvi yenye madini joto. Gunia la kunde lifungwe kabla ya kuuza chochote. Mbegu nazo zitengwe: kilo 8 hadi 10 za mahindi kwa kila ekari unayotarajia kulima. Alizeti ibaki mbegu, ikamuliwe kidogo kidogo, kwa maana mafuta yakikaa muda mrefu kwenye joto na mwanga huchacha.

Ukaushaji ndio wenye hatari kubwa. Mwaka 2016 sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu wa nafaka na karanga, iliua watu Dodoma na Manyara, na kuchemsha au kupika hakuiondoi. Anika juu ya turubai, kamwe si chini kwenye udongo, na funika kabla umande haujashuka. Kisha pima kwa chumvi: chukua chupa kavu ya kioo, weka mahindi hadi theluthi moja, ongeza vijiko viwili vya chumvi iliyokaushwa juani, funga, tikisa vizuri, uache dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, unyevu umepita asilimia 15: endelea kuanika na upime tena. Isipoganda, unyevu uko chini ya hapo, lakini bado anika siku moja au mbili zaidi, maana ghala salama linataka asilimia 13.5 au chini. Punje zilizovunjika, zilizobadilika rangi na zenye ukungu zichambuliwe zote, na karanga zilizosinyaa pia. Usimpe ng'ombe wa maziwa punje hizo mbovu: sumu hiyo hupita hadi kwenye maziwa anayokunywa mtoto.

Mfuko wa tabaka tatu unaua wadudu kwa kuwanyima hewa. Bonyeza hewa itoke, sokota mdomo wa mfuko wa ndani, ukunje na kuufunga kamba, halafu fanya hivyo kwa wa pili na wa nje. Panga juu ya chaga, mbali na ukuta. Mahindi mabichi humo ndani yataoza, na mfuko unaofunguliwa kila siku haufanyi kazi. Fungua mmoja, umalize, ndipo ufungue mwingine.

Mboga za kiangazi huandaliwa wakati mvua bado ipo. Majani ya kunde, mlenda na mchicha yachovye kwenye maji yanayochemka dakika mbili au tatu, kisha yakauke kivulini penye upepo. Jua kali huunguza vitamini A, na jani lililopauka limekwisha kupoteza nyingi. Siku ya kupika, tia mafuta au karanga zilizotwangwa, kwani bila mafuta mwili hauifyonzi vizuri vitamini hiyo. Chai ya majani inyweke saa moja baada ya mlo, kwa kuwa inazuia madini ya chuma yaliyo kwenye maharage.

Desemba hadi Februari ni miezi ya palizi: mama yuko shambani mchana kutwa na mtoto anaambulia uji mwembamba mara moja. Panga mapema nani atamlisha. Kwa mtoto aliyetimiza miezi 6, uji uwe mzito kiasi cha kukaa kwenye kijiko, wenye unga wa karanga safi au dagaa waliosagwa, huku akiendelea kunyonya hadi miaka miwili. Mpime mzunguko wa mkono wa juu kwa utepe kila mwezi hadi afikishe miaka mitano. Utepe ukisoma chini ya sentimita 12.5 mpeleke kituo cha afya, chini ya 11.5 nenda siku hiyohiyo.