Kabla ya kwenda kusoma China: yamalize haya ukiwa bado nyumbani

Anayekwenda kusoma China huhangaika sana na sanduku. Atauliza abebe majaketi mangapi, kama sembe inapatikana kule, kama aende na sufuria. Majaketi yamejaa huko, na yanaifaa baridi ya kule kuliko lolote utakalolipata soko la Karume. Yanayowatesa wanafunzi wetu ni mambo ya karatasi na ya simu, na mengi ukishapanda ndege ni vigumu kuyarekebisha.

Anza na jina. Cheti cha kuzaliwa kinasema Mohamed, cha kidato cha nne Mohammed, pasipoti Muhammed, na mtu ni yuleyule. Hapa kwetu utaelewana na karani. China, jina la kwenye pasipoti ndilo litakaloingia kwenye barua ya udahili, akaunti ya benki, laini ya simu, tiketi ya treni na mwishowe shahada yenyewe, herufi kwa herufi. Mwenye majina matatu kwenye cheti na mawili kwenye pasipoti naye ajiandae kusumbuka. Nenda kwa wakili ukaape, rekebisha kinachorekebishika, na ufanye hivyo kabla ya kujaza fomu ya chuo. Barua ikishatoka na kosa, itabidi uandikiane na ofisi ya wanafunzi wa kigeni, na ofisi hizo nyingi hubaki na watu wachache kwenye likizo ndefu ya Julai na Agosti, wakati ambao wewe ndiyo unaitafuta viza. Vyeti navyo vina safari yake: wakili, Wizara ya Mambo ya Nje, halafu ubalozi. Usiiache safari hiyo kwa wiki ya mwisho.

Fomu ya uchunguzi wa afya inawaangusha wengi kwa jambo dogo. Inataka picha ya eksirei ya kifua, vipimo vya damu na kipimo cha moyo, na majibu yake huhesabika kuwa hai kwa miezi sita. Lakini pia picha yako ibandikwe kwenye fomu na mhuri wa hospitali upite juu yake, nusu kwenye picha, nusu kwenye karatasi. Daktari akipiga mhuri chini kwenye sahihi tu, mrudishie hapohapo kabla hujatoka mlangoni. Nakala halisi ya fomu, barua ya udahili na fomu ya viza kutoka chuoni (JW201 kwa mwenye ufadhili wa serikali, JW202 kwa anayejilipia) zikae kwenye begi la mkononi. Viza yako ya X1 (ya masomo ya muda mrefu) itaandikwa siku za kukaa 000, na kila mwaka kuna anayeshtuka akidhani ameonewa. Maana yake ni kwamba ukishaingia una siku 30 za kuomba kibali cha ukaazi, na hapo ndipo nakala hizo zitakapodaiwa tena. Ukiwa umeziacha nyumbani kwa usalama, umeumia.

Mtanzania achukue pia cheti cha kutokuwa na pingamizi kutoka Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU). Wanaokwenda kusomea udaktari wawe makini kuliko wote: Wizara ya Elimu ya China ina orodha ya vyuo vinavyoruhusiwa kufundisha udaktari kwa Kiingereza, na wakala anayekukimbiza ulipe leo hana haja ya kukuonyesha orodha hiyo. Uliza pia wodini utazungumza na wagonjwa kwa lugha gani. Jibu ni Kichina, hata kama darasani ni Kiingereza. Kwa hiyo kama una miezi kadhaa mkononi, Taasisi za Confucius, zinazofundisha Kichina, zipo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (UDSM), cha Dodoma (UDOM) na cha Nairobi. Mwaka wa maandalizi ya lugha utakuwa mwepesi zaidi kwa aliyefika akijua walau kuhesabu na kuuliza bei.

Sasa simu. WhatsApp, Google, YouTube, Instagram na Facebook zimefungwa China. Usiweke nakala za vyeti vyako Google Drive ukategemea kuzifungua kule; ziweke kwenye simu yenyewe na kwenye flashi. Pakua WeChat na Alipay ukiwa bado hapa. WeChat wakati wa kujisajili inaweza kudai mtumiaji wa zamani akuthibitishe kwa kuskani msimbo, hivyo mtafute mwenye akaunti mapema. Kisha kaa na mama sebuleni, mpakulie naye, mfundishe kushikilia kitufe cha sauti mpaka amalize kusema. Wengi huachia katikati ya sentensi, wakaanza kulalamika simu mbovu. Usipofanya hivyo atakupigia WhatsApp, simu isiite, na kufikia jioni ukoo mzima umeshaambiwa mtoto hapatikani.

Kwenye pesa, ufadhili wa serikali ya China hulipia ada, hosteli na bima, na bumu lake ni yuani 2,500 kwa mwezi kwa shahada ya kwanza, 3,000 kwa uzamili na 3,500 kwa uzamivu. Nauli mara nyingi ni juu yako. Bumu la kwanza linaweza kuchelewa mpaka akaunti ifunguliwe, na kabla ya hapo utanunua godoro, shuka na laini, ulipie kibali cha ukaazi (yuani 400 kwa kisichofika mwaka), na ule. Beba pesa taslimu kiasi, halafu iunganishe kadi yako ya Visa na Alipay kabla ya safari. Jambo linalosahaulika: benki ya nyumbani hutuma namba ya uthibitisho kwenye laini yako ya Bongo. Washa huduma ya kupokea ujumbe ukiwa nje, la sivyo kadi unayo na pesa hutoi.

Kuhusu baridi, watu huogopa Harbin na kupuuza Wuhan. Januari Harbin hushuka chini ya nyuzi 20 za hasi, ni kweli, ila majengo ya kaskazini yana joto linalosambazwa na mji kupitia mabomba. Kusini ya mto Huai mfumo huo haupo kwa kawaida, na mwanafunzi wa Wuhan au Changsha huketi na jaketi chumbani kwake. Ukipangiwa kusini, bajeti ya blanketi iwe kubwa.

Chakula hakina shida kubwa. Vyuo vingi vina kantini ya Waislamu, na hata wasio Waislamu huishia humo kwa sababu ya nyama ya kondoo.

Mwisho ni kazi. Mtu atakuambia utafundisha Kiingereza chekechea jioni na kutuma pesa nyumbani. Viza ya masomo hairuhusu kibarua bila idhini ya chuo na ya uhamiaji, na anayekamatwa hutozwa faini, anaweza kuwekwa ndani na kurudishwa kwao. Hesabu ya familia ipigwe bila hiyo pesa. Na ukifika ukalala nje ya hosteli, iwe kwa rafiki au kwenye chumba cha kupanga, nenda kituo cha polisi cha mtaa na pasipoti yako ujiandikishe ndani ya saa 24.