Subira inapangwa mapema: vile unaweza kuanza wiki hii

Watu wengi wanadhani subira ni kipaji, eti fulani kazaliwa mpole na mimi nimezaliwa na moto basi tuache hivyo. Hapana jamani. Subira unaiandaa kabla hasira haijafika, ikishafika umechelewa. Nitaeleza vile inafanyika hapa kwetu Kampala, kwenye paki ya teksi, dukani na nyumbani.

Anza kwa kujua nini hasa kinakuchoma. Mara nyingi sio muda wenyewe, ni kutojua utaisha saa ngapi. Mwaka 1985 mtaalamu wa biashara David Maister aliandika kuhusu watu wanaopanga foleni, akaeleza kwamba muda wa kukaa bure unaonekana mrefu kuliko muda ukiwa na shughuli, na kusubiri usipojua mwisho kunachosha zaidi. Sasa chukua teksi pale Old Taxi Park, ile ya abiria 14, haitoki mpaka ijae, konda anakwambia "tunaenda sasa hivi" na ndani mko wanne. Ukishika maneno ya konda utaumia bure. Hesabu viti mwenyewe, ukiona vingi viko wazi na una haraka ya kweli shuka utafute iliyokaribia kujaa au panda boda, lakini ukiamua kukaa basi kaa ukijua ni wewe umeamua, hapo hata yule mama anayepita na maji na karanga dirishani hakukasirishi tena.

Halafu uwe na kazi zako za kusubiria. Mpigie shangazi uliyemwahidi simu tangu mwezi uliopita, fanya mahesabu ya duka, soma dua zako. Kupitisha video fupi fupi kwenye simu mimi sishauri, kwa sababu unazoea kupata kitu kipya kila baada ya sekunde chache halafu ukirudi kwa mtu anayeongea polepole unamuona anakupotezea wakati.

Kitu kingine, panga jibu lako ukiwa umetulia. Mtaalamu wa saikolojia Peter Gollwitzer amefanya utafiti miaka mingi juu ya mipango ya namna hii: ikitokea hivi, nitafanya vile. Kusema tu "kuanzia leo nitakuwa mvumilivu" hakukupi cha kufanya ukiwa umewaka, ila ukisema "mteja akirudia bei mara ya tatu, nitamwambia taratibu hiyo ndio ya mwisho kaka, halafu nipange bidhaa" unakuwa na kitu mkononi. Chagua mambo mawili tu yanayokuchemsha kila siku uyapangie hivyo. Na kabla ya kujibu toa pumzi polepole, itoke kwa muda mrefu kuliko ulivyoivuta, maana moyo unapunguza mapigo wakati pumzi inatoka, ni mwili tu ndio ulivyo. Njaa nayo usiidharau, kama hujala tangu asubuhi kula hata rolex, ile chapati ya kukunjia mayai, au gonja, ndizi ya kuchoma, kwanza ndio mzungumze mambo ya pesa.

Kwa watoto hapa ndio nataka tukae kidogo, maana tunawapigia kelele "subiri!" siku nzima bila kuwafundisha. Kuna utafiti wa Chuo Kikuu cha Rochester kule Marekani, ulichapishwa 2013. Watoto waliahidiwa vifaa vizuri vya kuchora, wengine wakaletewa kweli, wengine wakaambiwa samahani havipo. Baadaye wote wakapewa peremende moja, wakaambiwa ukisubiri bila kuila utapata ya pili. Waliotimiziwa ahadi walisubiri wastani wa kama dakika 12, waliodanganywa kama dakika 3 tu. Yaani mtoto anayenyakua haraka anaweza kuwa hana tabia mbaya kabisa, ameshaona watu wazima hawaaminiki! Kwa hiyo ukimwambia Jumamosi nitakununulia viatu pale soko la Owino, nunua Jumamosi, na kama pesa haijaingia mwambie mapema na umpe siku nyingine unayoiweza. Usitupe ahadi ili anyamaze tu.

Sasa msichanganye subira na kunyamaza ukionewa, hili linaniuma sana nikiona wazee wetu wanazungushwa na kuambiwa "vumilia mzee". Januari 2022 malori yalijipanga makumi ya kilomita upande wa Kenya kabla ya mpaka wa Malaba wa kuingia Uganda kwa ajili ya vipimo vya korona, madereva wakalala barabarani siku kadhaa, na wakati huo huo walipinga wazi kulipishwa kipimo hicho. Mtu anaweza kungoja na bado akadai haki yake. Ofisi ikikwambia rudi kesho mara ya kwanza, sawa, ikirudia tena usipige meza wala usiondoke hivi hivi. Uliza kwa sauti ya kawaida, "samahani dada, faili langu limekwama wapi, na ni nani anayelishughulikia?" Akikutajia siku, muombe aiandike kwenye karatasi yako pamoja na jina la wa kumuona.