Kuwazuia wasioalikwa kwenye waifai ya nyumbani

Katika maghorofa ya Michenzani, Zanzibar, ukuta mmoja tu unakutenga na jirani, na waifai haina mlango. Kuta nene za mawe za Mji Mkongwe huipunguza nguvu, lakini barazani mara nyingi bado inashika.

Fungua kivinjari, andika 192.168.1.1 au 192.168.0.1 (namba sahihi kwa kawaida imebandikwa chini ya ruta, kile kifaa kinachorusha waifai), uingie kwenye mipangilio yake. Kwanza badilisha nywila ya msimamizi, yaani ya kuingilia mipangilio hiyo. Ikibaki ile iliyokuja na ruta, mengine yote ni kazi bure. Kisha, kwenye usalama wa waifai, chagua WPA2 yenye AES (njia ya kuficha mawasiliano), au WPA3 iliyo mpya zaidi kama vifaa vyako vyote vinaikubali, na uweke nywila mpya ya waifai ya herufi 15 au zaidi. Wote watakatika, na ndilo lengo. Zima WPS (njia ya kuunganisha kifaa kwa kitufe au PIN bila kuandika nywila): PIN yake ya tarakimu 8 hukaguliwa nusu kwa nusu, hivyo majaribio 11,000 yanatosha kuipata.

Kuruhusu vifaa kwa anwani za MAC (namba za utambulisho za vifaa) kunasaidia, ila si kufuli. Anwani hizo husafiri bila kufichwa, na mjuzi huziiga. Orodhesha kwanza kifaa unachotumia, la sivyo utajifungia nje. Simu za Android 10 na iOS 14 kwenda mbele hutumia anwani ya kubuni kwa kila mtandao. Izime kwa mtandao wa nyumbani kabla ya kunakili anwani ya simu kwenye orodha.

Wageni wa sikukuu wape mtandao wa wageni, wenye jina na nywila yake mbali na mtandao mkuu. Aliyeingia mtandao mkuu anaweza kumgaia mwenzake nywila kwa msimbo wa QR, wewe hata hujaulizwa.