Jinsi ya kuomba PhD ya teknolojia ukiwa kazini

Mwongozo huu ni wa mtu aliyeajiriwa Tanzania, awe benki, kampuni ya simu, halmashauri au wizara, mwenye shahada ya uzamili ya TEHAMA au uhandisi, anayetaka kusoma uzamivu bila kuacha kazi. Fomu yenyewe utaijaza jioni moja. Wengi hukwama kwa msimamizi na kwa barua ya mwajiri, ndiyo maana fomu nimeiweka karibu na mwisho.

1. Chagua chuo na njia

Vyuo vyetu vina njia mbili za uzamivu: tasnifu peke yake, au kozi za darasani kisha tasnifu. Wenye kazi huikimbilia ya kwanza kwa kuwa haina ratiba ya vipindi. Sawa, ila kama umekaa miaka mingi bila kugusa utafiti, omba uruhusiwe kuhudhuria angalau kozi ya mbinu za utafiti.

Pa kuanzia papo: Ndaki ya TEHAMA ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pale Kijitonyama, Taasisi ya Nelson Mandela Arusha, Chuo Kikuu cha Dodoma, na Chuo Kikuu Huria, ambacho tangu mwanzo kimewalenga watu wasioweza kukaa bwenini. Uliza mambo matatu: programu hiyo inapokea wanaosoma kwa muda usio kamili? Mwisho wa muda unaoruhusiwa ni miaka mingapi? Na anayezidisha muda hulipa nini? Swali la tatu watu hulisahau, wakaja kulikumbuka hela imekwisha.

Vipo pia vyuo vya nje vinavyofundisha kwa mtandao. Purdue ya Marekani, kwa mfano, inatoa Udaktari wa Teknolojia unaolenga matatizo ya kazini kuliko nadharia. Kabla hujalipa dola hata moja, hakikisha kwa Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) kwamba shahada ya chuo hicho itatambuliwa nchini. Siku hizi madokta wa mtaani, wenye PhD za vyuo visivyotambuliwa, ni wengi, na mwajiri wa serikali hatakuuliza ulisoma kwa bidii kiasi gani; ataomba hati ya TCU.

2. Geuza kero ya kazini iwe swali la utafiti

Hapa tumia muda wako mwingi. Faida uliyonayo kuliko mwanafunzi wa bweni ni kwamba unayaona matatizo kila siku. Lakini “mfumo wetu wa malipo unakwama kila wiki ya mishahara” si utafiti. Hilo ni tatizo la kuripoti kwa watu wa mifumo, nao wataongeza seva yaishe. Utafiti unaanza pale unapouliza jambo ambalo jibu lake litamfaa hata asiye mwajiriwa wenu: muamala unapokatikia njiani kwa sababu ya mtandao dhaifu, ni mbinu gani ya usuluhishi wa kumbukumbu (kulinganisha rekodi za pande mbili hadi zikubaliane) inayozuia mteja kukatwa mara mbili, na mbinu hiyo ina gharama gani kwa kasi ya mfumo?

Liandike kwa kurasa mbili: tatizo, waliokwisha kulifanyia kazi, walipoishia, utakavyofanya, na data itatoka wapi. Hilo la mwisho ndilo msimamizi atakaloliangalia kwanza.

3. Tafuta msimamizi kabla ya kuomba

Soma makala mbili tatu za karibuni za mhadhiri unayemtaka. Kisha mwandikie barua pepe fupi kwa Kiingereza, lugha utakayoandikia tasnifu: wewe ni nani, unafanya kazi wapi, swali lako, na kwa nini yeye. Ambatisha zile kurasa mbili. Usiitume barua moja kwa wahadhiri kumi. Wanakaa ofisi za jirani na wanaongea.

Asipojibu, usichukulie kuwa amekataa. Piga simu idarani, uliza siku anazopatikana, nenda. “Shikamoo Profesa, mimi ndiye niliyekuandikia kuhusu miamala” imefungua milango mingi kuliko vikumbusho vya barua pepe. Akikubali, omba akubali kwa maandishi, hata mistari miwili.

4. Barua ya mwajiri

Kama ni mtumishi wa umma, barua yako inapita kwa mkuu wako wa idara hadi kwa mwajiri. Ukiruka ngazi itarudishwa. Kwenye sekta binafsi, anza na bosi wako kabla ya rasilimali watu.

Barua ya “hatuna pingamizi” haitoshi. Hakikisha inataja siku au saa utakazoachiwa, nani analipa ada, na kama utafungwa mkataba wa kuendelea kuitumikia taasisi baada ya kuhitimu. Kama utafiti wako unahitaji data ya kazini, omba ruhusa hiyo kwa barua ya pili, ikieleza ni data gani na itaondolewaje majina na namba za simu za wateja. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inakuhusu. Kuwa na nywila ya mfumo hakukupi haki ya kuchukua kilichomo ukakifanyia tasnifu.

5. Nyaraka na fomu

Andaa vyeti na matokeo ya shahada zote mbili, cheti cha kuzaliwa, wasifu, picha, na nakala zilizothibitishwa na wakili. Jina likitofautiana kati ya vyeti, pata hati ya kiapo mapema. Aliyesoma nje aanze na utambuzi wa TCU. Wadhamini wawili wa kitaaluma wape taarifa kabla, maana mara nyingi mfumo huwatumia kiungo wenyewe, nacho hupotelea kwenye barua taka.

Kwenye mfumo wa udahili, fungua akaunti kwa barua pepe yako binafsi, si ya ofisi. Lipa ada ya maombi kwa namba ya kumbukumbu utakayopewa, kisha angalia mara mbili kwamba umechagua muda usio kamili.

6. Baada ya kudahiliwa

Udahili si ruhusa ya kukusanya data. Kwanza utatetea andiko la utafiti mbele ya idara, kisha chuo kitakupa barua ya kibali. Ukigusa taarifa za wagonjwa, unahitaji pia kibali cha maadili, na NIMR, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, ndiyo yenye kamati ya taifa. Ukitaka kukusanya data Kenya pia ili ulinganishe, leseni ya utafiti huko hutolewa na NACOSTI, tume yao ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu.

Ukihama kazi katikati ya masomo, mjulishe msimamizi na kurugenzi ya shahada za juu, na upeleke barua ya mwajiri mpya. Barua ya ruhusa ya data kutoka kwa mwajiri wa zamani iwe imesainiwa na kupigwa mhuri kabla hujakabidhi ofisi.