Damu Ikipungua Sana, Kagua Macho Pia

Mtu anayechoka kupanda ngazi na ameanza kuona ukungu au madoa meusi asikimbilie miwani Kariakoo. Damu ikipungua sana, hasa HB (kipimo cha wingi wa damu) ikishuka chini ya gramu 8 kwa desilita, retina, yaani utando wa ndani ya jicho upande wa nyuma unaopokea mwanga, hukosa oksijeni. Mishipa yake hutanuka, kuta hulegea na damu huvuja. Haiumi, ndiyo maana watu huchelewa. Miwani haizibi mishipa hiyo, wala matone ya duka la dawa.

Nyumbani, msogeze mgonjwa dirishani mchana, maana taa hudanganya. Nawa mikono, mwambie atazame juu, uvute kope la chini taratibu. Ukingo wa mbele wa nyama ya ndani unapaswa kuwa mwekundu kuliko nyuma yake. Ukiwa umepauka wote, nendeni kupima leo hii. Lakini macho yaliyowashwa na vumbi huwa mekundu hata damu ikiwa imeisha, kwa hiyo usitulizwe na wekundu. Kisha azibe jicho moja kwa kiganja asome kalenda ya ukutani, halafu la pili. Herufi zikikatika katikati, huenda damu imevujia penye uoni mkali.

Hospitalini, kwa mfano Amana, Temeke au Mwananyamala za Dar es Salaam, omba picha kamili ya damu, si HB peke yake: chembe sahani, zinazosaidia damu kuganda, nazo zikiwa chache, jicho huvuja kirahisi zaidi. Retina ichunguzwe kwa matone ya kutanua mboni, kwa mfano Muhimbili au CCBRT Msasani. Matone hayo hufifisha uoni kwa saa kadhaa, kwa hiyo asiendeshe bodaboda. Aende na mtu. Anayehema akiwa amekaa, au aliyezimia, apelekwe idara ya dharura kwanza.

Chanzo kitafutwe: hedhi nzito, minyoo ya safura, malaria, vidonda vya tumbo. Vidonge vya madini chuma vimezwe kwa juisi ya chungwa. Chai ya rangi isubiri saa moja au mbili, maana huzuia chuma kufyonzwa. Vidonge hivyo hufanya choo kuwa cheusi, asiogope. HB ikirudi sawa aendelee kama miezi 3 kujaza akiba. Mwenye selimundu (sikoseli) asianze chuma bila kupimwa.

Damu ikipanda, madoa ya retina kwa kawaida hufutika ndani ya wiki au miezi michache. Uoni ukibaki hafifu, apimwe vitamini B12: ikikosekana huumiza mshipa wa fahamu wa jicho, na foliki asidi peke yake hupandisha HB huku mshipa ukiendelea kuharibika.